Mashine ya Kuchana Mbao Inayovutwa na Gari: Dalili za Hitilafu na Namna ya Kufikia Chanzo Chake

Katika Nyanda za Juu Kusini mwa Tanzania, kuanzia Mafinga hadi Makambako na Njombe, magogo mengi ya msindano na mkaratusi huchanwa palepale yalipoangushwa, kwa kuwa ni nafuu kuipeleka mashine kwenye gogo kuliko kulipeleka gogo kwenye mashine. Kwa miaka mingi kazi hiyo imefanywa na misumeno ya duara inayoundwa na mafundi wa hapa hapa, ile inayoitwa dingidongi, ambayo hugeuza kuwa unga milimita 6 hadi 8 za mti, na mara nyingine zaidi, kila inapopita. Msumeno wa mkanda unaovutwa na gari hula kiasi cha milimita 2 tu. Gogo likikatwa mara kumi, tofauti hiyo hufika milimita 50, ambazo ni sawa na ubao mmoja zaidi wa inchi 2. Ndiyo maana watu wanajikamua kununua mashine hizi, na ndiyo maana inauma kuona mashine ya namna hiyo imesimama shambani ikitoa mbao zilizopinda huku opereta akikaza na kulegeza nati asizojua kazi yake.

Mashine ya mkanda ni chombo cha kipimo kilichofungwa juu ya tela. Tunaitaka ikate ubao wa futi 12 kwa unene usiotofautiana zaidi ya milimita 1, na papo hapo tunaiburuta juu ya barabara za kifusi zenye mawimbi, tunaivusha kwenye madimbwi, kisha tunaiteremsha kwenye udongo mwekundu uliolowa. Kwa hiyo hitilafu ambayo opereta huiona kwenye ubao mara nyingi haikuzaliwa kwenye bledi, yaani ule mkanda wa meno unaokata. Ilizaliwa njiani, au katika ile nusu saa ya kuisimamisha mashine, na asiyeanzia huko atahangaika.

Nasema hivyo kwa sababu yamenikuta. Katika shamba moja la miti Mufindi nilipoteza siku mbili nikirekebisha rola zinazoongoza bledi, kwa kuwa kila ubao, kuanzia katikati yake hadi mwisho, ulikuwa mnene upande mmoja kwa karibu milimita 4. Siku ya tatu kijana aliyekuwa akibeba mabanzi ndiye aliyegundua kwamba mguu mmoja wa mashine ulikuwa umezama ardhini, na unga wa mbao ulikuwa umeufunika hata usionekane. Rola hazikuwa na kosa hata moja. Kosa zilipewa na spana yangu, na ilinichukua siku nyingine nzima kuzirudisha zilipokuwa.

Tangu hapo nafuata mpangilio mmoja nisiouvunja: kwanza tela, kisha miguu na kitanda cha mashine (fremu yenye reli inayolaliwa na gogo), kisha kichwa cha msumeno na nguzo yake, kisha bledi, na mwisho rola. Kila baada ya kubadilisha jambo moja, chana ubao mmoja na upime. Ukibadilisha mambo mawili kwa pamoja na ubao ukatoka mzuri, hujui ni lipi lililoponya, na kesho tatizo likirudi utaanza upya.

Hitilafu za njiani

Dalili inayotisha kuliko zote ni tela kupiga mkia, yaani kuyumba kulia na kushoto nyuma ya gari kadiri mwendo unavyoongezeka. Chanzo chake mara nyingi ni uzito mdogo mno kwenye mpira wa kuvutia, yaani lile tufe la chuma nyuma ya gari ambalo tela hufungwa juu yake. Uzito unaolalia mpira huo unatakiwa uwe kati ya asilimia 10 na 15 ya uzito wote wa tela. Mashine ya kilo 1,200, kwa mfano, inatakiwa iulalie mpira kwa kilo 120 hadi 180. Kupima si kazi ngumu. Azima mizani ya kupimia magunia, weka kigogo juu yake kifikie kimo kilekile cha mpira wa gari, kisha teremsha shingo ya tela juu ya kigogo hicho, tela likiwa limelala sawasawa na magurudumu yake yamewekewa kabari. Kipimo kikiwa pungufu, angalia mambo mawili. Kwanza, je, kichwa cha msumeno kimefungwa mahali ambapo mtengenezaji ameagiza kifungwe wakati wa safari? Kichwa kina injini, na ndicho sehemu nzito kuliko zote, hivyo kukisogeza hatua mbili nyuma kunabadilisha tabia ya tela zima. Pili, ni nini kimepakiwa nyuma? Nimeona mashine inayotembea vizuri kabisa ikageuka hatari kwa sababu ya madumu mawili ya petroli, misumeno miwili ya mnyororo na vyombo vya kambi vilivyorundikwa mwishoni mwa kitanda.

Uzito ukizidi mno mbele, dalili ni nyingine: pikapu inakaa chini nyuma, taa zake za mbele zinamulika vichwa vya miti, na usukani unakuwa mwepesi kama gari linaelea. Hilo nalo lirekebishwe kabla ya safari. Tela likianza kuyumba mkiwa tayari barabarani, ondoa mguu kwenye mafuta, shika usukani bila kupambana nao, na usikanyage breki za gari kwa ghafla. Kama tela lina breki za umeme zenye swichi yake pekee, zibonyeze kidogo kidogo hadi litulie.

Mlio wa kugonga kila unapokanyaga breki au kuondoka hutoka mahali kikombe cha tela kinapokutana na mpira wa gari. Hapa kuna mtego ambao kila mwenye mashine iliyoagizwa kutoka nje anapaswa kuujua. Mashine nyingi za Marekani huja na kikombe cha inchi 2, yaani milimita 50.8, na nyingine huja na kikubwa zaidi. Mpira wa kawaida wa Ulaya ni milimita 50. Na kuna mpira wa zamani wa inchi 1 na 7/8, ambao ni milimita 47.6 tu. Kikombe cha inchi 2 hukubali kufungwa juu ya mpira huu mdogo, na mtu akitazama anaridhika kwamba kimeshika, lakini shimo la kwanza lenye kina linaweza kukirusha. Ukubwa huwa umegongwa kwenye utosi wa mpira. Usome, usikisie kwa macho. Baada ya kufunga, inua shingo ya tela kwa jeki yake hadi uone nyuma ya pikapu ikipanda pamoja nayo. Ikiwa kikombe kinachomoka, ni heri kichomoke hapo. Minyororo ya usalama ipishane chini ya shingo, ili tela likichomoka lishikwe na minyororo badala ya kuchimba lami.

Beringi za magurudumu ndizo zinazowaumiza wenye mashine hizi kuliko wenye matela mengine, na sababu yake inafaa kueleweka. Tela la mizigo hutembea kila siku, kwa hiyo grisi yake huzunguka na kosa hujitokeza mapema. Tela la mashine ya mbao husimama shambani wiki sita, mvua ikilinyeshea, kisha linatakiwa litembee kilomita 90 kwa siku moja. Maji yaliyoingia ndani ya hab wakati wa kuvuka dimbwi yalikaa humo muda wote huo yakila chuma kimyakimya. Baada ya kilomita 20 za mwanzo simama, uguse kila hab kwa mgongo wa kiganja. Vuguvugu ni kawaida. Ikiwa hab moja ni ya moto hata mkono haukai, na ya upande wa pili ni vuguvugu, usiendelee. Inua gurudumu, lizungushe kwa mkono na usikilize. Likikoroma kama linasaga mchanga, beringi imekwisha. Likiwa gumu kuzunguka bila kukoroma, ama nati imekazwa kupita kiasi ama breki imeng'ang'ania. Likicheza unapolishika juu na chini na kulitikisa, nati imelegea. Fungua kifuniko utazame grisi. Grisi nzima hubaki na rangi yake. Iliyoingiwa na maji hugeuka rangi ya chai ya maziwa, na ukiona ndani yake vichembe vinavyometameta juani, hivyo ni vyuma vya beringi yenyewe. Hapo hakuna la kuosha wala kuongeza: nunua beringi mpya pamoja na sili yake, kwani sili iliyochakaa ndiyo iliyofungua mlango. Katika kufunga, kaza nati huku ukizungusha gurudumu hadi lianze kuwa zito, irudishe nyuma kidogo hadi gurudumu lizunguke bila kucheza, kisha tia kotapini mpya. Ile ya zamani isirudishwe.

Matairi ya mashine hizi huzeeka kabla ya kuisha kashata zake. Ubavuni kuna tarakimu nne zinazotaja wiki na mwaka wa kutengenezwa. 2319, kwa mfano, ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi lenye kashata nene lakini lenye nyufa ubavuni halifai safari hata kama linashika upepo. Kashata zikiliwa upande wa ndani pekee, ekseli imepinda au imehama kwenye springi zake, na kubadilisha matairi bila kunyoosha ekseli ni kutupa fedha.

Kwa anayeshuka Mlima Kitonga kutoka Iringa kuelekea Ruaha Mbuyuni, harufu ya kuungua nyuma ya gari maana yake breki za tela zimefanya kazi mfululizo na ziko karibu kuacha kushika. Shuka kwa gia ndogo tangu juu mlimani, breki zikanyagwe kwa vipindi. Kuhusu taa za tela zinazofifia, au indiketa inayowaka pamoja na taa ya breki, anza na waya wa ethi: safisha inaposhikana na chasisi, na mara nyingi tatizo huishia hapo.

Mbao hazilingani unene baada ya kuhama

Tuseme mashine ilikata vizuri kijiji cha nyuma, na katika kijiji cha leo inakosea, bledi zikiwa zilezile. Kilichobadilika ni safari na uwanja, kwa hiyo hakuna sababu ya kugusa rola.

Chunguza kwanza miguu. Mashine hii haihitaji kulala sawa na pimamaji ili ikate vizuri. Inaweza kuinama kidogo kufuata mlima na bado ikatoa mbao safi. Kinachotakiwa ni kitanda kiwe kimenyooka, kisijipinde wala kujisokota. Vuta uzi wa mvuvi kutoka mwanzo hadi mwisho wa reli, uunyanyue kila mwisho kwa vipande viwili vya unene mmoja, kisha pima nafasi iliyo kati ya uzi na reli katika kila mguu. Mahali nafasi ilipokuwa kubwa, mguu umezama. Gogo la msindano lenye kipenyo cha sentimita 40 na urefu wa mita 4 lina ujazo wa nusu mita ya ujazo, na likiwa bichi linaweza kufika kilo 450; uzito huo ukiviringishwa ghafla juu ya kitanda, mguu uliokanyaga udongo mtupu utazama tu. Weka chini ya kila mguu vipande viwili vya banzi pana vilivyopishana, na baada ya gogo la tatu au la nne rudi upime tena, maana ardhi huendelea kushindiliwa. Jizoeze pia kufagia unga wa mbao kwenye miguu kila mchana, ili jicho liweze kuona.

Kitanda kikiwa kimenyooka na unene bado unatofautiana, sasa soma ubao wenyewe. Ubao ulio mnene ukingo mmoja na mwembamba ukingo wa pili kwa urefu wake wote unaonyesha kwamba bledi na kitanda havilingani: kichwa kimeinama kwenye nguzo yake, jambo linalotokea njiani kikiachwa kining'inie. Wakati wa safari kichwa hakitakiwi kuning'inia kwenye mnyororo au waya wake wa kupandishia. Kinatakiwa kiteremshwe hadi kikalie pini yake ya kupumzikia na kufungwa kisidunde. Kikining'inia, kila shimo la barabara ni nyundo inayogonga mnyororo na vitelezi vya nguzo, na baada ya kilomita chache mnyororo umerefuka kuliko ulivyokuwa. Dalili yake ya pili ni kwamba unaweka inchi 2 kwenye skeli na unapata inchi 2 kasoro milimita 3, kila ubao, bila kubadilika. Kosa lisilobadilika ni jepesi kuponya: kaza mnyororo, rekebisha skeli, endelea na kazi. Kosa linalobadilika kutoka ubao hadi ubao ndilo linalosumbua, na hilo hutokana na kitu kinachocheza, ama kichwa kwenye nguzo ama gogo lenyewe lisilobanwa.

Kuna hali moja ambayo mashine hulaumiwa bure. Katika mkaratusi, ubao hutoka mnene katikati na mwembamba ncha zote mbili, na gogo linalofuata hufanya vilevile. Sababu imo ndani ya mti: nyuzi za nje za mkaratusi hukua zikiwa zimevutwa, na za ndani zimebanwa. Unapoondoa banzi la juu, unaondoa mvuto wa upande huo, na mvuto uliobaki chini unalikunja gogo hadi katikati yake inainuka kutoka kitandani. Bledi inapita kwa kunyooka, lakini gogo halijanyooka. Dawa ni kuligeuza: chana mbao moja au mbili upande huu, geuza nusu mzunguko, chana upande wa pili, uendelee hivyo ili mivuto ipungue kwa usawa. Ukitaka uhakika kwamba kosa si la mashine, weka gogo la msindano lililonyooka palepale. Likitoka sawa, mashine ni nzima. Likitoka na kosa mahali palepale pa kitanda, rudi kwenye miguu.

Mawimbi kwenye ubao

Ubao wenye mawimbi, yaani unaopanda na kushuka kama bati, ndio unaopigiwa kelele zaidi na wanunuzi, na vyanzo vyake vinaingiliana. Kinachoongoza ni ubutu. Bledi ya kawaida ya mashine hizi ina upana wa milimita 32 na unene wa kama milimita 1.1, na meno yake yanapopoteza ncha haikatai kukata. Inakata huku ikitafuta njia rahisi, na njia rahisi ni kulikwepa fundo. Mawimbi yakiwa yanaanzia kwenye mafundo, ibadilishe bledi kabla ya kufanya jambo lingine lolote. Katika gogo safi la msindano, saa moja hadi mbili za kukata zinatosha kabla ya kunoa. Opereta anayejisifu kwamba bledi moja imemaliza siku nzima anajisifu kwa hasara, kwa sababu bledi hiyo itakatika mapema na mbao za alasiri zitauzwa kwa bei ya daraja la chini.

Ukweli wa ubutu unasomeka pia kwenye unga. Simamisha injini, kisha gusa unga uliobaki juu ya ubao ulipopita msumeno. Ukiwa umeshindiliwa, umegandamana, na una joto kwenye vidole, meno hayana mpanuko wa kutosha: yale yanayopindishwa kulia na kushoto yamerudi katikati, kwa hiyo bledi inasuguana na mti na unga hauna pa kupitia. Ukiwa mkavu, umelala ovyo, na ubao una mikwaruzo ya meno unayoweza kuihisi kwa ukucha, mpanuko umezidi. Kwa msindano, kiasi cha nusu milimita kila upande kinafaa. Kwa mti mgumu kiwe pungufu kidogo. Hapa ndipo wanoaji wengi wanapokosea. Wananoa ncha mara tano bila kupima mpanuko hata mara moja, na kwa kuwa kila kunoa kunakula jino kutoka juu, mpanuko hupungua pole pole hadi bledi inayong'aa kwa ukali ikate vibaya kuliko iliyo butu. Pima kwa geji baada ya kila kunoa mara mbili, na mpanuko ufanywe kabla ya kunoa, si baada yake.

Mkazo wa bledi hubadilika kadiri kazi inavyoendelea. Chuma hutanuka kwa joto. Bledi ya mita 4 ikipanda nyuzi 50 za Selsiasi hurefuka kwa milimita 2 na zaidi, na urefu huo wote ni ulegevu. Ndiyo sababu ubao wa kwanza hutoka mzuri na wa tano una mawimbi. Soma geji ya mkazo baada ya dakika chache za kazi, uukaze urudi kwenye kipimo cha mtengenezaji, na usiiache bledi ipoe ikiwa imekazwa wakati wa chakula: ilegeze, maana ikipoa itajivuta na kujikaza mno yenyewe juu ya magurudumu yanayoizungusha.

Utomvu wa msindano nao huleta mawimbi. Ukiona bledi imepata ukoko wa kahawia ubavuni, haipiti tena laini kwenye mti, na kila mahali ukoko ulipo mnene inasukumwa juu au chini. Maji yenye sabuni kidogo yanayodondoka taratibu yanatosha kwa magogo mengi. Kwa msindano wenye utomvu mzito, dieseli kidogo ikipakwa pande zote mbili za bledi wakati injini imezimwa husaidia zaidi, lakini iwe kidogo kweli, kwa ajili ya mbao na kwa ajili ya ardhi ya mwenye shamba.

Baada ya hayo yote, na si kabla, ndipo rola zinapochunguzwa. Kila rola inatakiwa kuishusha bledi kiasi cha milimita 6 kutoka mstari wake wa kawaida, na mgongo wa bledi uwe mbali na ukingo wa rola kwa milimita 1.5 hadi 3 wakati haikati. Rola ikiinama hata kidogo, bledi hupanda au kushuka tangu inapoingia kwenye gogo, katika kila gogo, hata bledi ikiwa mpya. Hiyo ndiyo alama yake: bledi mpya, mkazo sawa, kitanda kimenyooka, na bado inapotea upande uleule.

Bledi kukatika au kuruka

Kabla ya kugusa bledi yoyote zima injini na uchomoe waya wa plagi, vaa glovu nene na miwani, na unapofungua bledi iliyokunjwa hakikisha hakuna mtu karibu, kwa sababu hujikunjua kwa nguvu.

Okota bledi iliyokatika uitazame penye mkato. Ufa ulioanzia kwenye mabonde kati ya meno maana yake imetumika ikiwa butu, au jiwe la kunolea liliunguza chuma. Rangi ya bluu kwenye bonde la jino ni ushahidi usiopingika wa jiwe kukandamizwa. Ufa ulioanzia mgongoni maana yake mgongo umekuwa ukisugua ukingo wa rola, kwa kuwa nafasi iliyotajwa haipo au opereta anasukuma kwa kasi kuliko meno yanavyoweza kula. Ikikatika kwenye ungio ikiwa bado mpya, kosa ni la aliyeichomelea, irudishwe.

Bledi inayoruka kutoka kwenye magurudumu yake mara nyingi inasukumwa na unga uliojipanga chini yake, au mikanda ya mpira inayovishwa magurudumu imeisha hadi chuma cha bledi kinagusa chuma cha gurudumu. Angalia pia kama safari imelegeza boliti za kurekebisha gurudumu. Bledi ya milimita 32 inatakiwa ikae bonde la jino likiwa nje ya ukingo wa gurudumu kwa takriban milimita 3.

Meno yakikatika yote kwa mkupuo, kuna kitu ndani ya gogo. Miti ya kandokando ya nyumba na mipaka ya mashamba hubeba misumari na nyaya za uzio zilizomezwa na gome zamani. Doa la bluu-nyeusi kwenye ncha ya gogo ni dalili ya chuma ndani. Mvule una mawe ya chokaa ndani yake, na hayo hayana dalili ya nje inayoaminika, kwa hiyo anayechana mvule atoze bei inayolipa bledi. Magogo yaliyoburutwa kwenye matope yaoshwe au yamenywe gome kwenye mstari wa mkato. Mchanga unaua meno kwa dakika kumi.

Injini kukosa nguvu mlimani

Mashine iliyokuwa na nguvu Dar es Salaam hupandishwa Sao Hill, ambako mwinuko ni kati ya mita 1,400 na 2,000, na inaanza kuzimika kwenye magogo mapana. Injini ya petroli isiyo na turbo hupoteza kama asilimia 3 ya nguvu kwa kila mita 300 za kupanda, kwa hiyo injini ya nguvu za farasi 20 inabaki na kama 16 au 17 hapo juu. Sehemu hiyo haina dawa isipokuwa kusukuma polepole. Lakini kuna sehemu inayotibika: kabureta iliyopangwa kwa usawa wa bahari inamimina petroli nyingi mno kwa hewa nyepesi ya mlimani. Dalili ni moshi mweusi, plagi yenye masizi makavu, na mafuta kuisha haraka. Weka jeti (kipande chenye tundu la kupitishia petroli ndani ya kabureta) ndogo inayopendekezwa kwa mwinuko huo, na ukumbuke kuirudisha kubwa mashine ikishuka pwani, kwa sababu jeti ndogo huko itaichemsha injini.

Injini ikinguruma vizuri na bledi ikapunguza mwendo ndani ya gogo, tatizo si injini: mkanda wa kuendeshea unateleza. Ukiwa unang'aa kama kioo pembeni, ubadilishe. Chujio la hewa nalo lisafishwe kila siku wakati wa kiangazi, maana vumbi jekundu la Mufindi likichanganyika na unga wa mbao hulifunga kabla ya jioni.

Siku ya kuhama, bledi ilegezwe au itolewe, kichwa kikalie pini yake, miguu yote ipandishwe na kufungwa kwa pini, kisha mtu mmoja azunguke tela lote akigusa kila nati ya gurudumu kwa spana kabla dereva hajawasha gari.